Mbegu ya viazi "inayostahimili ukungu" inakaa misimu michache alafu inaungua kama zingine, tuongee kwanini

Mwanamporoto:
Wakuu habari za jioni. Kwenye ule uzi wa bei za viazi nimeona watu wanalalamika mbegu waliyouziwa kwamba haipigwi na ukungu imeungua shamba zima ndani ya wiki, na kila mtu anamrushia mwenzie lawama, mara muuza mbegu tapeli, mara dawa feki, mara mvua ya mwaka huu imezidi. Mi nalima viazi huku milima ya Mporoto, Mbeya, hili jambo nimekaa nalo muda mrefu, nimesoma, nimeuliza wataalam pale kituo cha utafiti wa kilimo Uyole, naomba niliweke kwa urefu maana naona tunapigana na kitu ambacho wengi hatukijui. Feki zipo, sikatai. Ila hata mbegu iwe halali na dawa iwe halali, ile kinga ya mbegu ina namna yake ya kuisha, na sehemu kubwa tunaisababisha sisi wakulima tukishirikiana na soko.

Nianze na adui mwenyewe. Jina lake la kitaalam ni Phytophthora infestans. Tunamuita ukungu lakini sio fangasi wa kweli, ukoo wake uko karibu zaidi na mwani wa majini kuliko na uyoga, na hilo lina maana kubwa kwenye dawa, nitalirudia mtu akiuliza. Ukitaka kumuona ingia shambani asubuhi kabla jua halijapanda, nenda kwenye mistari ya bondeni au karibu na miti ambako umande unachelewa kukauka, tafuta jani lenye doa lililolowa la kijani cheusi, mara nyingi linaanzia kwenye ncha au ukingo. Ligeuze. Kwa chini, pale doa linapopakana na sehemu nzima ya jani, kuna utando mweupe mwembamba. Saa nne jua likishawaka ule weupe hauuoni tena, limebaki jani kavu jeusi na jirani anakuambia umezidisha mbolea.

Huo weupe ndo vijidudu vyenyewe vinavyoruka, mamia kwa maelfu. Doa moja linaweza kutoa mpaka laki tatu kwa siku. Vinabebwa na upepo, vikitua kwenye jani lenye maji na hewa ya baridi, chini ya nyuzi 15 hivi, kila kimoja kinapasuka na kutoa vidogo kadhaa vyenye mikia vinavyoogelea kwenye hilo tone kutafuta pa kuingilia. Siku nne, tano mpaka saba baadae jani hilo nalo limeanza kutoa vya kwake. Sasa wewe piga hesabu shamba moja tu lina madoa mangapi, alafu piga na mashamba yote kuanzia Isyonje mpaka Umalila kwa masika moja. Kwenye wingi huo lazima vitokee vichache ambavyo jeni zao, yaani maelekezo ya urithi ndani ya mwili, zimekosewa kidogo wakati wa kujinakili, na kwenye hao wachache ndipo penye kesi yetu yote.

Kinga ya mbegu inafanyaje kazi? Ugonjwa ukiingia kwenye jani unapenyeza protini zake ndani ya seli za kiazi ili kuzilaza zisijitetee. Mbegu yenye kinga ina jeni inayoitambua protini moja kati ya hizo. Ikiitambua tu, seli za pale pale zinajiua, na kwa kuwa huyu mdudu siku za mwanzo anakula kwenye seli hai, anakosa chakula anaishia hapo, unabaki na kidoa kidogo sana. Ni mlinzi aliyeambiwa akimuona mtu mwenye koti jekundu asimruhusu kupita. Anafanya kazi nzuri sana, ila anajua koti jekundu tu. Siku mwizi akija na koti la bluu, au bila koti, mlinzi anamfungulia geti. Kwa hiyo mlinzi hajalala wala hajazeeka, yuko vile vile alivyoajiriwa.

Hapo ndo nataka tuelewane. Mbegu yako ya mwaka wa kwanza na ya mwaka wa sita, kwa upande wa jeni ya kinga, ni ile ile, maana kiazi tunapanda kiazi, ni nakala ya mama yake. Kilichobadilika ni wale vijidudu walioko hewani. Na wamebadilishwa na mbegu yetu yenyewe: kila tulivyoipanda kwa wingi, wale wa koti jekundu walikufa bila uzao na yule mmoja asiye na koti akabaki na mashamba yote peke yake.

Nakaribisha maswali.

Rungwe_Mtulivu:
Ndaga fijo (asante sana) mkuu, endelea kuweka nyama. Mi nilikuwa najua ugonjwa "unaizoea" mbegu kama mtu anavyozoea baridi.

Mwanamporoto:
Mkuu ndo hivo, hakuna kijidudu kimoja kinachozoea. Aliyeshindwa kashindwa na amekufa. Anayekuja kuunguza shamba lako ni mwingine, alikuwepo toka mwanzo kwa uchache sana au alizaliwa katikati ya msimu. Ukishaliona hivo unaelewa kwanini wingi wa mashamba yenye mbegu moja ndo hatari yenyewe.

Dada_Umalila:
Kaka asante kwa uzi. Sisi huku tunasema mbegu imechoka. Mi Arika yangu niliyorithishwa na mama imekuwa inatoa viazi vidogo vidogo, majani yanajikunja, na ukungu ukija inaondoka ya kwanza. Hiyo nayo ni mambo ya koti?

Mwanamporoto:
Dada hapo kuna vitu viwili tofauti na ni muhimu uvitenganishe. Majani kujikunja, mmea kudumaa, viazi kuwa vidogo mwaka hadi mwaka, hiyo mara nyingi ni virusi. Vinabebwa na wadudu mafuta na vinaingia ndani ya kiazi, ukipanda kiazi hicho unavipanda navyo, vinajumlishana kila msimu. Hiyo kweli mbegu inachoka, na dawa yake ni kupata mbegu safi ya aina ile ile, iliyokaguliwa, TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, wana utaratibu wa mbegu za daraja la kuazimiwa ambazo hata wakulima wadogo waliosajiliwa wanazalisha, sio lazima ununue ghali kutoka mbali. Ukishindwa kabisa, basi chagua mashina yenye afya wakati mmea bado una maua, weka kijiti, mbegu yako itoke kwenye hayo tu. Usichukue vile vidogo vilivyobaki baada ya dalali kuchagua, maana mara nyingi vidogo vimekuwa vidogo kwa sababu mama yake mgonjwa.

Kinga ya ukungu kuvunjika haifanani na hiyo. Ukileta mbegu safi kabisa ya aina ambayo kinga yake imeshavunjika itaota vizuri, itapendeza, mvua ikija itaungua vile vile. Na mmea ambao tayari umedhoofika na virusi sishangai ukiondoka mapema zaidi, lakini tiba ni mbili sio moja.

Mwanachuo_SUA:
Niongezee upande wa historia maana hii sio mara ya kwanza dunia inapitia. Kila mtu anaijua njaa ya Ireland iliyoanza 1845, karibu watu milioni moja walikufa na wengine zaidi ya milioni wakahama nchi. Wakulima maskini kule walitegemea sana aina moja ya kiazi, Lumper. Baada ya pale wazalishaji wa mbegu wakaanza kutafuta kinga, wakaipata Mexico kwenye kiazi pori kinaitwa Solanum demissum, wakakichanganya na viazi vya kawaida. Zikapatikana jeni 11, zikapewa majina R1 mpaka R11. Watu walifurahi wakijua vita imeisha.

Haikuisha. Mfano ambao tulifundishwa ni Pentland Dell ya Uingereza, hiyo ilikuwa na jeni tatu kwa mpigo, R1, R2 na R3. Ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1960 na muongo haukuisha kabla haijaanza kuunguzwa. Kisa kingine kinaniuma zaidi, aina inaitwa Vertifolia. Wakati wanaizalisha, jeni kubwa za kinga zilikuwa zinafanya kila mche uonekane safi, kwa hiyo hawakuweza kuona mche upi una ule ustahimilivu wa kawaida wa chini chini na upi hauna. Wakaupoteza bila kujua. Siku jeni kubwa zilipovunjwa kiazi kikabaki uchi kabisa, kikaungua kuliko hata aina za kawaida. Mwanasayansi van der Plank wa Afrika Kusini aliandika kuhusu hilo mwaka 1963 na mpaka leo wazalishaji mbegu wanalitaja kwa jina la hicho kiazi.

Mwanamporoto:
Mwanachuo umenigusa penyewe kabisa. Naomba nilikazie hili la ustahimilivu wa chini chini kwa sababu ndo unatufaa sisi kuliko ile kinga ya kishindo.

Kuna mbegu ambayo ukungu ukija haupati kitu kabisa, shamba linameta. Na kuna mbegu ambayo ukungu unaipata, unaona madoa, ila doa linakua taratibu, linatoa vijidudu vichache, linachukua siku nyingi zaidi kabla halijaanza kutoa. Mkulima akiziangalia zote mbili mwaka wa kwanza ataipenda ya kwanza na ya pili ataiita ya uongo, "si mlisema inastahimili mbona ina madoa". Lakini ile ya kwanza mara nyingi imesimama juu ya jeni moja au mbili, na ile ya pili juu ya jeni nyingi ndogo ndogo ambazo kila moja inachangia kidogo. Kumpita mlinzi mmoja kosa moja la kunakili linatosha. Kupita mambo mengi madogo kwa pamoja ni kazi ndefu, ndo maana ustahimilivu wa aina hii unashuka polepole badala ya kuanguka kwa siku moja. Pale bonde la Toluca Mexico, ambako huo ugonjwa una aina nyingi kuliko sehemu nyingi duniani, John Niederhauser alifanya kazi miaka mingi ya kuchagua viazi vya namna hii vinavyohimili shamba, akapewa Tuzo ya Chakula Duniani 1990. Na kituo cha kimataifa cha viazi cha CIP, kile cha Lima Peru, kilianzisha kundi zima la viazi ambavyo walitoa makusudi jeni zote kubwa za R ili waone ustahimilivu wa kweli bila kufichwa.

Kasoro yake niseme ukweli: kinga hii mara nyingi inakuja pamoja na kuchelewa kukomaa. Na sisi tunataka kiazi cha miezi mitatu tuwahi bei. Hapo ndo tunapogombana na maslahi yetu wenyewe.

Ilula_Nyanya:
Mkuu mi ni mtu wa nyanya huku Ilula, Iringa. Huo mdudu si ndo huyu anayetumalizia nyanya? Au ni wa kwetu tofauti?

Mwanamporoto:
Ni jamii hiyo hiyo mkuu, Phytophthora infestans anapiga viazi na nyanya vyote. Kuna koo zake zinazopendelea kimoja zaidi ya kingine, ila usimuamini. Kwa hiyo mtu anayeweka viazi pembeni ya nyanya, au anayetoa nyanya na kuingiza viazi mle mle akidhani amebadilisha zao, hajabadilisha kitu.

Na hapa niseme kuhusu nyanda zetu hizi, maana tuna tatizo ambalo mzungu hana. Kule kwao majira ya baridi kali yanakata mnyororo, mimea inakufa yote, mdudu anabaki kwenye viazi vilivyotupwa na vilivyosahaulika ardhini, msimu unaanza na vijidudu vichache. Sisi hatuna mapumziko. Masika viazi viko milimani, kiangazi viko mabondeni na kwenye vinyungu (bustani za mabonde yenye unyevu) huko Njombe na Iringa, na kati ya hapo kuna nyanya za umwagiliaji na maotea, yaani viazi vilivyojiotea vyenyewe, kila kona. Ugonjwa unahama tu kutoka shamba bichi kwenda shamba bichi. Kila wiki kuna kizazi kipya, mwaka mzima. Kinga ya mbegu inajaribiwa bila kupumzishwa.

Mzee_wa_Inyala:
Vijana wangu nawasoma. Mimi nimelima viazi toka enzi za ujana wangu. Zamani kwenye kijiji kimoja ungekuta aina nyingi, nyeupe, nyekundu, za macho ya zambarau, kila nyumba na yake. Leo gari la dalali likija linataka aina moja tu, gunia lisichanganywe, ukichanganya anakukata bei au anakuachia. Basi kijiji kizima kinalima hiyo moja. Huyo mdudu mnayemsema amepewa meza ameandaliwa.

Mwanamporoto:
Shikamoo mzee. Umesema kitu kikubwa. Na mimi dalali simlaumu peke yake, mkaanga chipsi wa Dar naye anataka kiazi kinachofanana, kinachokauka sawasawa kwenye mafuta. Ila matokeo ni hayo uliyoyasema.

Mchana_Kweupe:
Sasa si tuchanganye aina kwenye shamba moja, mstari huu huyu mstari ule yule? Niliwahi kusoma China walifanya kwenye mpunga.

Mwanachuo_SUA:
Ni kweli, Yunnan, matokeo yalichapishwa mwaka 2000, walichanganya mpunga wenye kinga na ule usio na kinga dhidi ya ugonjwa wa blasti na ugonjwa ulishuka sana. Kwenye viazi imejaribiwa ila faida huwa ndogo, hasa sehemu ambazo kuna vijidudu vingi hewani vinatoka mashamba ya jirani mwaka mzima kama kwetu. Kuchanganya ndani ya shamba dogo wakati pande zote nne kuna aina moja, haisaidii sana.

Mwanamporoto:
Nakubaliana. Kinachofaa ni kuchanganya kwa ukubwa wa kijiji, huyu Sherekea, yule Asante, yule Kikondo, mwingine Sagitta, kila mtu shamba lake na gunia lake safi la dalali. Kila aina iwe na kinga ya chanzo tofauti. Hilo haliwezi kufanywa na mtu mmoja, linahitaji watu wa kikundi wakae kabla ya kuagiza mbegu.

Duka_Mwanjelwa:
Mimi nauza pembejeo. Mteja anakuja mvua imeshaunguza anataka "ile ya nguvu". Ukimwambia abadilishe dawa anakasirika, anasema ile ya mwaka jana ilifanya kazi. Mnatulaumu sisi bure, wakulima ndo hawasikii.

Mwanamporoto:
Karibu sana mkuu, watu wa duka mnatakiwa muwepo kwenye huu mjadala maana mkulima anawasikiliza nyie kuliko bwana shamba.

Kwenye dawa mchezo ni ule ule wa kwenye mbegu. Metalaksili ilivyotoka mwishoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa mwujiza, inaingia ndani ya mmea. Mwaka 1980 tayari Ireland na Uholanzi kulikuwa na vijidudu visivyosikia. Kwanini haraka hivo? Kwa sababu inapiga sehemu moja tu kwenye mwili wa mdudu, hiyo sehemu ikibadilika kidogo, kwisha. Mankozebu inapiga sehemu nyingi kwa wakati mmoja ndo maana ipo toka miaka ya 1960 na bado inafanya kazi. Ila yenyewe haiingii ndani, inakaa juu ya jani kuzuia, kwa hiyo ipigwe kabla ugonjwa haujaingia na mvua kubwa ikiiosha inarudiwa. Vaeni barakoa na glavu jamani, Ulaya wameiondoa kwa sababu za afya, sio ya kuchanganya kwa mkono.

Na sasa lile la mwani niliahidi. Kuna dawa za fangasi za kundi la tebukonazoli na wenzake, nzuri kwa fangasi wa kweli, zinazuia fangasi kutengeneza mafuta fulani ya utando wa seli zake. Huyu wetu hatengenezi mafuta hayo kabisa. Ukimpigia hiyo umemwagia maji. Lakini zinaandikwa ni dawa ya ukungu, mkulima anaona ukungu ni ukungu. Mkuu wa duka naomba sana, mteja akija muulize madoa yakoje. Kama ni mabaka makavu yenye mizunguko ndani ya mizunguko kwenye majani ya chini ya zamani, hilo ni bakajani wahi, fangasi wa kweli, hiyo dawa itamfaa. Kama ni doa lililolowa na weupe chini ya jani asubuhi, mpe ya huyu.

Duka_Mwanjelwa:
Nimekuelewa, hili la mizunguko nitalibandika ukutani dukani.

Njombe_Ngano:
Kwenye ngano nasi yametukuta. Ile kutu ya shina iliyogunduliwa Uganda 1998 wakaiita Ug99, iliivunja jeni ya Sr31 ambayo ngano nyingi duniani zilikuwa zinaitegemea kwa miaka mingi. Jeni moja, dunia nzima. Sina la kuongeza, nimeona ni hadithi moja.

Mchana_Kweupe:
Na hizi za kubadilishwa jeni, GMO, nasikia Uganda wana kiazi ambacho hakipigwi dawa kabisa. Si ndo mwisho wa matatizo?

Mwanachuo_SUA:
Kipo kwenye majaribio. NARO, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Uganda, na CIP walichukua kiazi Victoria, ambacho kumbe ni hiki hiki sisi tunakiita Asante, wakakiwekea jeni tatu kwa pamoja kutoka viazi pori vya Amerika, mbili kutoka Solanum bulbocastanum na moja Solanum venturii. Shambani kwenye majaribio Uganda ilisimama bila dawa ya ukungu wakati zisizo na jeni ziliungua. Sababu ya kuweka tatu ni kwamba kijidudu kimoja kikosewe jeni tatu kwa wakati mmoja ni bahati ndogo sana.

Mwanamporoto:
Mi naiona kazi nzuri sana ile, naisema wazi, maana kuingiza jeni ya kiazi pori kwa njia ya kawaida inachukua miongo, na mkulima anapata kiazi kile kile anachokijua na soko linakijua. Lakini mwisho wa matatizo hapana. Kumbukeni Pentland Dell nayo ilikuwa na tatu. Hatari kubwa ni moja ya hizo jeni kutolewa peke yake kwenye mbegu nyingine ikapandwa pembeni, hapo mdudu anafundishwa moja moja. Na kuna ushahidi kwamba anaweza. Jeni ile ya venturii inatambua protini moja, na wamepatikana vijidudu ambao protini hiyo wanayo kwenye jeni zao ila wameizima tu, hawaitoi. Mlinzi anakaa anasubiri koti ambalo halivaliwi.

Huyu mdudu ameumbwa kwa mabadiliko. Walivyosoma jeni zake zote mwaka 2009 walikuta karibu robo tatu ya vinasaba vyake ni vipande vinavyojirudia rudia na kuhama hama, na zile jeni za protini za kudanganyia kiazi, mamia kadhaa, zimekaa katikati ya hivyo vipande vinavyohama. Sehemu za kazi za kawaida za mwili wake zimetulia, sehemu za silaha ndo zinachafuka kila mara.

Dada_Umalila:
Kaka hapo umenitisha. Na huyu aliyepo huku kwetu ni wa siku zote au ameletwa?

Mwanamporoto:
Ameletwa dada, na huenda hiyo nayo ni sababu mojawapo ya mbegu za zamani zilizokuwa zinahimili kutohimili tena. Miaka mingi Afrika Mashariki ilikuwa na ukoo wa zamani unaitwa US-1. Utafiti uliotoka 2019 wa sampuli za Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi ulikuta ukoo kutoka Ulaya, 2_A1, ndo umetawala na wa zamani umesukumwa pembeni. Kwa hiyo hata kama wewe hujabadilisha mbegu wala dawa, adui amebadilishwa juu yako.

Kuna jambo moja linalonikosesha usingizi kuliko yote. Koo hizo mbili zote ni za jinsia moja, wanaiita A1. Wa jinsia moja wanazaa nakala tu. Ulaya iliingia A2 mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakakutana, sasa wanachanganya jeni na kutengeneza vijimbegu vigumu vya ugonjwa wenyewe vinavyokaa ardhini bila mmea hai. Ikiingia kwetu hiyo, hata kupumzisha shamba hakutasaidia kama sasa. Na inaingia kwa njia gani? Kwa kiazi. Mtu anayevusha mbegu mpakani kwenye buti la gari bila karantini kwa sababu ameona picha ya kiazi kikubwa kwenye simu, huyo anacheza na kijiji kizima. Naombeni sana kwa hilo.

Mbeya_Kwetu:
Mkuu mi niko na kikundi Tembela, tunaletewa mbegu ya aina mpya msimu ujao, wanasema inastahimili. Tufanyeje isituishie mikononi? Maneno machache tu mkuu, simu inazima.

Mwanamporoto:
Sawa mkuu. Kwanza muulizeni anayeleta kinga yake ni ya aina gani, ya jeni moja kubwa au ya kuhimili shambani, akishindwa kujibu nendeni Uyole mkaulize kwa jina la mbegu. Msilime wote hiyo. Bakisheni angalau theluthi ya mashamba kwenye aina zingine mnazoziamini.

Msiache kupiga dawa eti kwa sababu inastahimili, hapo ndo wengi wanapoharibu. Punguzeni tu, kama mlikuwa mnapiga kila wiki kipindi cha mvua, kwa mbegu inayohimili mnaweza kuachia siku zaidi mkiangalia mvua na mkikagua majani, lakini ile ya kuzuia iwepo toka mwanzo, kwa sababu kila kijidudu unachokiua kwa dawa ni kimoja ambacho hakitapata nafasi ya kujaribu kinga ya mbegu. Dawa za kuingia ndani zibadilishwe makundi, msome kiambato kwenye lebo, maana majina mawili tofauti ya dukani yanaweza kuwa kitu kile kile.

Maotea ng'oeni yote, na viazi vibovu mlivyochagua ghalani msivitupe pembeni ya shamba kwenye rundo, vinachipua pale na ndo vinawasha moto wa msimu ujao, fukieni chini kabisa. Mkiona mche mmoja wa hiyo mbegu mpya umepata madoa yenye weupe wakati zingine safi, huo ndo wa kuutolea macho, ng'oeni na mizizi yake mtie kwenye mfuko pale pale msiuburute shambani, alafu mpigieni bwana shamba achukue jani. Na wiki mbili kabla ya kuvuna kateni mabua myatoe, ngozi ya kiazi inakomaa na vijidudu vya kwenye majani havipati mvua ya kuvishusha kwenye viazi mtakavyoweka mbegu.

Chaji simu mkuu, ukirudi niambie jina la hiyo mbegu tuichimbe pamoja.